Kupika kwa Matufaha Nakuru: Lipi la Kuponda, Lipi la Kukaanga, na Tunda Gani Lishike Nafasi Yake

Anayejifunza kupika matufaha kwa kufuata mapishi ya Ulaya hukwama kabla hata hajawasha jiko, kwa kuwa mapishi hayo hulitaja tufaha kwa jina, na jina hilo halipo katika soko la Wakulima hapa Nakuru wala kule Kibuye, Kisumu. Waingereza hutaka Bramley, Wafaransa hutaka Calville Blanc d'Hiver au mojawapo ya aina zinazoitwa Reinette, ilhali meza ya muuza matunda wetu ina aina tatu au nne tu, nyingi zikiwa zimesafirishwa kutoka Afrika Kusini. Nilihangaika na majina hayo kwa muda mrefu kabla ya kutambua kwamba jina si hoja. Linalofaa kuulizwa ni kwamba tufaha lile lilitiwa katika sufuria ili lifanye kazi gani, kisha kazi hiyo ikabidhiwe tunda lililopo sokoni, liwe tufaha au lisiwe.

Tufaha lina kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Huleta ugwadu, unaotokana hasa na asidi ya maliki, na ndio unaokizuia chakula chenye sukari nyingi kisikinaishe. Huleta pia pektini, ile gundi ya asili iliyomo katika kuta za seli za tunda, ambayo ikikutana na asidi na sukari ya kutosha huifanya jamu igande. Halafu kuna mnofu wenyewe, ambao katika aina fulani hurojeka mara tu unapopata moto na katika aina nyingine hubaki vipande hata ukipikwa kwa nusu saa. Mpishi akijua ni ipi kati ya kazi hizo anayoihitaji, nusu ya shida imekwisha.

Bramley ni mfano mzuri wa tufaha lililozaliwa kwa ajili ya sufuria. Mti wake wa kwanza ulichipua kutokana na mbegu alizozipanda msichana aitwaye Mary Ann Brailsford mwaka 1809 katika mji wa Southwell, jimbo la Nottinghamshire. Baadaye nyumba ile ikanunuliwa na mchinja nyama aitwaye Matthew Bramley, na mwaka 1856 kijana mwenye kitalu, Henry Merryweather, alipoomba vikonyo vya kuunganishia miche, Bramley alikubali kwa sharti kwamba matufaha hayo yaitwe kwa jina lake. Hivyo aliyepanda hakutajwa, na aliyenunua nyumba akabaki midomoni mwa wapishi hadi leo. Tunda lenyewe ni kubwa, la kijani, lenye asidi nyingi na utamu mchache, na likipikwa seli zake huachana upesi, mnofu ukawa kama povu zito bila kuhitaji kupondwa. Hakuna tufaha linalouzwa Nakuru lenye tabia hiyo kikamilifu, ila lipo linalolikaribia.

Sokoni

Hilo ni Granny Smith, lile la kijani lenye ganda gumu. Liligunduliwa mwaka 1868 katika shamba la Maria Ann Smith huko Eastwood, ambako siku hizi ni kitongoji cha Sydney, Australia. Lina asidi ya kutosha na pektini nzuri, ingawa mnofu wake hukawia kulainika na haurojeki wenyewe kama wa Bramley. Kwa rojo, jamu na chatne, lianze kutafutwa hilo. Afrika Kusini huvuna matufaha yake katika miezi ya kwanza ya mwaka, na yale yatakayouzwa baadaye huwekwa katika ghala baridi, ambamo asidi hupungua polepole. Ndiyo maana Granny Smith la mwezi wa Mei huchoma ulimi, ilhali la Desemba linaweza kukuhadaa kwa rangi yake. Nilipomuuliza muuzaji mmoja kama matufaha yake ya kijani yalikuwa machachu, hakujibu. Alinikatia kipande kwa kisu chake, akangoja kunitazama nikikunja uso. Huo ndio uchunguzi bora kuliko wote, na mnunuzi asione haya kuuomba.

Golden Delicious ni la manjano, lenye asili yake katika Clay County, West Virginia, Marekani, ambako kampuni ya Stark Brothers iliununua mti wake mwaka 1914. Hili ni tamu na lina ugwadu mdogo, lakini vipande vyake havivurugiki kwa urahisi, kwa hiyo ndilo la kukaanga, la kuoka na la kujazia sambusa. Royal Gala hufuata nyuma yake. Red Delicious, lile jekundu lenye mabonde chini, ningelishauri liachwe liliwe bila kupikwa, kwa kuwa likipata moto hupoteza ladha na kuwa kama unga uliolowa.

Yapo pia matufaha ya kwetu. Mtufaha wa kawaida huhitaji baridi ya chini ya nyuzi 7 kwa saa 800 hadi 1,000 kila mwaka ndipo uchanue vizuri, baridi ambayo hata nyanda za juu za Mau haziwezi kuitoa. Wakulima wetu kwa hiyo hupanda aina zinazoridhika na saa 300 au pungufu, hasa Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyotokea visiwa vya Bahamas, na baadhi yao hupukutisha majani kwa mikono ili mti udanganyike kwamba majira ya baridi yamepita. Anna huwa refu kidogo, la manjano lenye wekundu upande mmoja, na ladha yake ina utamu na ugwadu kwa pamoja. Kasoro yake ni kwamba hulainika upesi baada ya kuchumwa. Ukilipata bado gumu, lipike wiki hiyohiyo. Wala usitunze mbegu zake kwa matumaini ya kupata mti wa namna hiyo, kwani mbegu ya tufaha haizai mfano wa mama yake, na miche ya kuaminika ni ile iliyounganishwa tu.

Neno moja kuhusu jina, kwa wanaopika pamoja na wageni wa Pwani. Kule Mombasa, mtu akitajiwa tofaa huenda akafikiria tunda jingine kabisa, la waridi au jekundu, lenye maji mengi na harufu ya maua, ambalo ni jamaa ya mkarafuu. Tunda hilo ni zuri kwa kula lakini halina pektini ya maana, na likitiwa katika pai hugeuka maji matupu.

Rojo la matufaha

Chukua matufaha manne makubwa ya Granny Smith, ambayo hukaribia robo tatu ya kilo. Yamenye, yakate robo, ondoa kitovu pamoja na mbegu, kisha uyakate vipande vyembamba kama sarafu na kuvitumbukiza ndani ya maji yaliyokamuliwa limau. Maji hayo huzuia rangi ya kahawia, inayotokea pale kimeng'enya kilichomo katika mnofu kinapokutana na hewa. Vipande vikiwa vyote tayari, vichuje, viweke katika sufuria yenye kifuniko pamoja na robo kikombe cha maji safi, na uvipike kwa moto mdogo kwa dakika 15 hivi huku ukivigeuza mara mbili tu. Kwa wenye jiko la makaa, punguza makaa hadi yabaki machache yenye majivu, kwa kuwa rojo hili huungua chini kimyakimya.

Usitie sukari mwanzoni. Sukari hukaza mnofu wa tunda na kuchelewesha kulainika kwake, na hili ndilo kosa lililonifanya niamini kwa miaka kwamba Granny Smith haliwezi kupondwa. Vipande vikishalainika kiasi cha kukatika kwa ubavu wa mwiko, viponde, tia vijiko viwili au vitatu vikubwa vya sukari na kipande kidogo cha siagi, koroga, uonje. Kama ni yale ya ghala yaliyopoteza ugwadu, ongeza maji ya nusu limau. Waingereza hulila rojo hili na nyama ya nguruwe ya kuokwa, nami sioni sababu ya kulinyima nyama choma. Kwangu, hata hivyo, chapati ya moto ndiyo hulimaliza.

Sambusa za tufaha

Pai ya matufaha inahitaji oveni, na oveni si ya kila nyumba. Sambusa hazihitaji ila karai, mafuta na manda, zile karatasi za unga ambazo mwenye kutengeneza sambusa za nyama anazijua tayari.

Hapa mambo hugeuka kichwa chini miguu juu, kwa sababu sasa tunataka vipande vibaki vipande. Menya matufaha matatu ya Golden Delicious na uyakate ukubwa wa kete za bao. Yeyusha kijiko kimoja kikubwa cha siagi, tia vipande pamoja na vijiko vitatu vya sukari papo hapo mwanzoni, ili ileile sifa ya kukaza mnofu iwe ya msaada, kisha nusu kijiko kidogo cha mdalasini na iliki tatu zilizopondwa. Kaanga bila kifuniko kwa dakika tano. Vipande vinapaswa kung'aa na kupindika kidogo vinapobanwa, si kuvunjika. Vimwage katika chujio na uyahifadhi maji yanayodondoka.

Viache vipande vipoe kabisa. Mjazo wenye joto hulainisha manda, na mjazo wenye maji hupasua sambusa ndani ya mafuta, ambapo sukari huungua, mafuta yakaingia weusi, na kundi zima linalofuata likatoka na madoa. Kunja manda pembetatu, tia kijiko kimoja cha mjazo, ufunge kwa uji mzito wa unga wa ngano, na ukaange kwa mafuta ya moto wa wastani hadi rangi iwe ya dhahabu. Yale maji uliyoyahifadhi yachemshe peke yake hadi yawe mazito kama asali, uyanyunyize juu wakati wa kuandaa.

Tunda jingine likichukua zamu

Matufaha yakipanda bei, au yakikosekana, kazi zile huweza kugawanywa miongoni mwa matunda yetu. Ugwadu ndio rahisi kuliko vyote kuupata. Embe bichi, lililochumwa kabla kokwa yake haijawa ngumu sana, lina asidi inayozidi ya Granny Smith, na likikatwa vipande vyembamba na kupikwa pamoja na matufaha matamu mekundu, tunda moja kwa matufaha matatu, hutoa rojo ambalo wengi hawatambui kwamba halikutoka kwa tufaha la kijani. Upande wa Kisumu na Siaya, ukwaju, ambao Waluo huuita chwaa, hufanya kazi hiyohiyo tangu zamani katika uji wa mtama. Loweka donge lake katika maji ya uvuguvugu, lifinye kwa vidole hadi nyama yote iachane na mbegu, chuja, kisha utie kijiko kimoja kimoja ukionja, kwa sababu ukwaju hausamehe mkono mzito, na rangi yake ya hudhurungi hulifanya rojo lionekane limeungua.

Matunda damu yanastahili nafasi kubwa kuliko tunayoyapa. Hapa Nakuru wengi wetu huyakata mawili na kuyala kwa kijiko, tukasahau kwamba huko ng'ambo hupikwa na nyama na kutiwa katika chatne. Ganda lake ni chungu na lazima liondolewe: mwagia matunda maji yanayochemka, hesabu hadi 60, yahamishie katika maji baridi, na ganda litachunika kama la nyanya. Mimi huyapika na mapeasi magumu ya nyanda za juu, yale ambayo ukiyauma mabichi unahisi mchanga mchanga mdomoni. Mapeasi sita yaliyomenywa na kukatwa nusu, matunda damu manne, nusu kikombe cha sukari, karafuu tatu na maji ya kufunika hupikwa polepole kwa saa moja. Mchanga ule hausikiki tena, na peasi hutoka likiwa na rangi ya mvinyo hadi ndani. Vaa aproni, maana doa lake halitoki kwenye nguo.

Plamu, zinazofika kwa wingi mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa unaofuata, hazihitaji maelezo marefu, kwani zina asidi na pektini za kutosha na hujipika karibu zenyewe. Malokwati yanayoning'inia kwenye nyua nyingi huku yakiliwa na ndege hufaa kwa sharubati nzito, ila mbegu zake kubwa zitupwe zote, zisisagwe.

Jeli ya mapera, na suala la mwinuko

Kwa pektini, tunda la kwetu la kutegemewa ni pera. Magharibi mwa Kenya mipera huota hata mahali isipopandwa, na msimu ukikolea matunda huoza chini ya miti wakati nyumba hiyohiyo inanunua jamu ya dukani. Chagua mapera yaliyoiva robo tatu na mengine machache yaliyo bado kijani, kwa kuwa pektini hupungua tunda linapoiva sana. Yaoshe, yakate bila kuyamenya, tia maji yafike usawa wa matunda, uyapike kwa dakika 40 hadi yavurugike. Mimina katika kitambaa safi kilichofungwa juu ya bakuli, uache maji yadondoke usiku kucha. Kitambaa kisikamuliwe, hata kama subira inakuishia, kwani mkamuo mmoja huifanya jeli isiwe angavu. Asubuhi pima maji hayo, na kwa kila kikombe tia robo tatu ya kikombe cha sukari na kijiko kikubwa cha maji ya limau, kisha uchemshe kwa moto mkali katika sufuria pana.

Sasa lipo jambo ambalo mapishi ya kigeni hayatuambii. Karibu vitabu vyote husema jamu iko tayari ikifika nyuzi 104 au 105. Nilipokwenda kwa shangazi yangu Molo na kipimajoto kipya nilichojivunia, nilisimama kando ya sufuria nikingoja nyuzi 105, huku yeye akiniambia mara mbili, "Mwanangu, hiyo imekwisha kuiva, ipue." Sikuipua. Tulichopata kilikuwa peremende: kilishika kijiko kikasimama wima ndani ya chupa, na tulikitoa kwa kuchovya chupa katika maji ya moto.

Sababu ni mwinuko. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na kiwango hicho hushuka nyuzi moja hivi kwa kila mita 300 unazopanda. Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Nakuru, karibu mita 1,850, ni 94. Molo ni kama 92. Jamu huganda inapokuwa nyuzi nne na nusu hivi juu ya kiwango cha maji kuchemka mahali hapo. Kwa hiyo mpishi wa Kisumu aangalie nyuzi 100 au 101, wa Nakuru 98 au 99, na wa Molo 96 au 97. Kabla ya kuanza, tumbukiza kipimajoto katika maji matupu yanayochemka, soma, ongeza nyuzi nne na nusu, na hiyo ndiyo namba yako. Asiye na kipimajoto aweke sahani ndogo ndani ya friji, adondoshee jeli kidogo, angoje dakika moja, kisha aisukume kwa kidole; ikikunja uso wake kama maziwa yanayofanya utando, iko tayari.

Mwinuko huohuo hugusa pia chupa. Ukishazijaza na kuzifunga kwa vifuniko vipya, zichemshe zikiwa zimezama katika maji kwa dakika 10 ukiwa Kisumu au Kakamega, na dakika 15 kuanzia Nakuru kwenda juu.

Chatne ya embe bichi na tufaha

Kabla ya viungo, tazama sufuria. Nyingi tulizo nazo ni za aluminiamu, na chakula chenye siki kikikaa humo kwa saa nzima huila sufuria na kuchukua ladha ya chuma. Rojo la dakika 15 halina shida. Kwa chatne tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka.

Menya maembe mabichi matatu makubwa na matufaha mawili ya Granny Smith, uyakate vipande vidogo, uyaweke pamoja na vitunguu maji viwili vilivyokatwa, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba kilichokunwa, kikombe kimoja na robo cha sukari, kikombe kimoja cha siki, konzi ya zabibu kavu, kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi na pilipili kwa kadiri ya ujasiri wa nyumba. Chemsha, punguza moto, uache ichemke taratibu bila kifuniko kwa saa moja au zaidi. Tufaha litalainika na kuwa mchuzi, embe litabaki vipande, na huo mgawanyo ndio uzuri wake. Iko tayari pale unapopitisha mwiko katikati ya sufuria na njia yake ikabaki wazi kwa muda kabla ya kujifunga.

Ijaze katika chupa zilizochemshwa, ingali ya moto, na uifunge. Siku ya kwanza siki hupiga puani na mtu hudhani ameharibu. Iache kabatini kwa mwezi mmoja kabla ya kuionja tena, ndipo uiandae na samaki wa kukaanga, pilau au viazi karai. Chupa ikishafunguliwa ikae kwenye friji, na kijiko kinachoingia humo kiwe kikavu.